Kiunzi cha Mifupa ya Binadamu

Kiunzi cha mifupa ni mfumo wa mifupa, magegedu na kano unaoupa mwili umbo, unaobeba uzito wake, unaolinda ubongo, moyo na mapafu, na unaoipa misuli mahali pa kushika ili ipate kuvuta. Mtu mzima huhesabiwa mifupa 206. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande kati ya 270 na 300, vingi vikiwa bado gegedu kwa sehemu kubwa. Vipande hivyo havipotei. Vinaungana kadiri miaka inavyokwenda, na muungano wa mwisho hukamilika mtu akiwa amekwisha kuvuka miaka 20.

Vitabu vya shule humwonyesha mwanafunzi kiunzi kikavu, cheupe, kilichotundikwa kwenye chuma. Picha hiyo ina hasara kubwa, kwa sababu inamzoesha kudhani kwamba mfupa ni kitu kilichokufa. Mfupa wa mtu aliye hai una mishipa ya damu na neva, huvuja damu ukivunjika, na kila siku sehemu yake fulani inabomolewa huku nyingine ikijengwa. Kukua, kupona na kuzeeka kwa mifupa vyote hutegemea mizani ya kazi hizo mbili.

Mwanzo tumboni

Katika wiki ya nne tangu mimba kutungwa, kiinitete kina urefu wa milimita 4 au 5. Kandokando ya mrija utakaokuja kuwa ubongo na neva za mgongoni hujipanga vifungu vidogo vya seli, jozi kwa jozi, viitwavyo somiti. Baadhi ya seli za somiti huhama na kuuzunguka mrija huo, na hizo ndizo zinazofanya pingili za uti wa mgongo na mbavu. Wakati huohuo ubavuni huchomoza vichipukizi viwili vya mikono, kiasi cha siku ya 26, kisha viwili vya miguu siku mbili hivi baadaye. Mifupa ya uso ina asili nyingine: hutokana na seli zinazohama kutoka ukingoni mwa mrija wa neva.

Ikifika wiki ya nane, sehemu kubwa ya kiunzi imekwisha kuchorwa kwa gegedu. Vidole huanza vikiwa vimeshikana, kisha seli zilizo kati yake hufa kwa mpango maalumu na kuviacha huru. Zisipokufa, mtoto huzaliwa na vidole vilivyoungana.

Ratiba hii ina ukali wake, na kisa cha dawa ya thalidomaidi kinauonyesha. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikaenea Uingereza, Australia na nchi nyingine nyingi, na wajawazito wakapewa ili kutuliza kichefuchefu. Wengi walioimeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutungwa walijifungua watoto wenye mikono mifupi mno au wasio na mikono kabisa. Walioanza kuimeza baada ya hapo, viungo vya watoto wao vilikuwa vimekwisha kupangika. Widukind Lenz, daktari wa watoto wa Hamburg, na William McBride, daktari wa uzazi wa Sydney, walipiga mbiu mwaka 1961 na dawa ikaondolewa sokoni. Watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameshaathirika.

Mfupa huumbika kwa njia mbili. Mifupa bapa ya fuvu, sehemu kubwa ya taya la chini na ya mtulinga hujengwa moja kwa moja ndani ya utando laini. Mingine karibu yote hupitia gegedu kwanza: seli za katikati ya gegedu huvimba, chumvi za kalsiamu hutanda pembeni yake, seli zile zinakufa, kisha mishipa ya damu inapenya na kuingiza seli wajenzi ziitwazo osteoblasti. Kituo hiki cha kwanza cha kugeuza gegedu kuwa mfupa hukaa katikati ya shina la mfupa. Ncha hubaki gegedu, na vituo vyake hutokea baadaye, vingi vikiwa baada ya kuzaliwa. Kile cha ncha ya chini ya fupa la paja hujitokeza mtoto anapokaribia kuzaliwa, kwa hiyo wachunguzi wa maiti wamekitumia tangu zamani kupima kama kichanga kilikuwa kimetimiza miezi yake. Mtulinga ndio unaotangulia mifupa yote kuanza kugeuka mfupa, na ncha yake iliyo upande wa kidari ndiyo huchelewa kuliko zote kuungana na shina, baina ya miaka 22 na 30.

Ulaini huo wa mwanzo una faida inayoonekana kliniki. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani anaweza kunyooshwa bila upasuaji mkubwa, kwa kuwa mguu wa kichanga bado ni gegedu zaidi kuliko mfupa. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa nchini Marekani, ndiye aliyebuni njia ya kuugeuza mguu kidogo kidogo na kuufunga plasta ngumu kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita, kisha kuikata kwa tundu dogo kano ya kisigino na kumvisha mtoto viatu maalumu vya kulalia kwa miaka kadhaa. Uganda iliifanya njia hii kuwa ya hospitali zake za umma, na Dar es Salaam hutolewa katika hospitali ya CCBRT. Ni tiba ya bei nafuu, na inastahili kujulikana kwa kila mkunga, maana mzazi akiambiwa mapema mtoto wake atatembea sawasawa.

Fuvu na utosi

Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana. Wakati wa kuzaliwa kingo zake hupandana kidogo ili kichwa kipite kwenye nyonga ya mama, ndiyo maana vichanga wengi huonekana na kichwa kirefu kwa siku chache. Baadaye nafasi hizo huuruhusu ubongo ukue, nao katika mwaka wa kwanza hukaribia kuongezeka maradufu. Tundu dogo la kisogoni hufunga kwa kawaida katika miezi miwili au mitatu. Lile kubwa la juu, yaani utosi, hufunga kati ya mwaka mmoja na miwili.

Nesi wa kliniki ya watoto akimpokea mtoto huupitishia utosi ncha za vidole, mtoto akiwa ameketishwa na hajalia. Utosi mzuri umetandaa sawa na kichwa na unadunda taratibu. Ukibonyea, mara nyingi mtoto amepungukiwa maji kwa kuharisha au kutapika. Ukivimba na kukakamaa huku ana homa, hofu ya kwanza ni homa ya uti wa mgongo na hapo hakuna kusubiri. Kupaka dawa juu ya utosi uliobonyea hakurudishi maji mwilini. Anachohitaji mtoto ni kunyonya, kupewa dawa ya kuongeza maji na kufikishwa kituo cha afya.

Urefu unatoka wapi

Mfupa mrefu haurefuki kwa kuvutika. Kati ya shina na ncha yake kuna bamba jembamba la gegedu, bamba la ukuaji, na kazi yote ya kurefuka hufanyika humo. Seli zake hugawanyika na kujipanga juu ya nyingine kama sahani kabatini, zile za upande wa shina zikivimba, zikigumishwa na chumvi na kugeuka mfupa. Kwa hiyo shina linaongezeka huku ncha ikisukumwa mbele. Unene huja kwa njia tofauti: utando unaoufunika mfupa huweka tabaka jipya nje, na ndani uwazi wa uboho unapanuliwa.

Homoni ya ukuaji, homoni za tezi dundumio na zile za balehe ndizo zinazoendesha bamba hili. Estrojeni ndiyo inayolifunga, kwa wavulana pia, na hilo halikujulikana vizuri hadi mwaka 1994 lilipoandikwa tukio la kijana wa kiume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni: alikuwa na zaidi ya mita mbili na bado anaendelea kurefuka. Kwa kawaida mabamba mengi hufunga kati ya miaka 14 na 16 kwa wasichana, 16 na 19 kwa wavulana. Yakishafunga, hakuna chakula wala zoezi litakalomrefusha mtu.

Mabamba haya yamesaidia pia kuisoma historia ya binadamu. Mwezi Agosti 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa bingwa wa kutafuta visukuku, aliokota kipande kidogo cha fuvu kwenye kokoto za Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Timu ya Richard Leakey na Alan Walker ilipochimba ilipata sehemu kubwa ya kiunzi cha mvulana wa jamii ya Homo erectus aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Ncha za mifupa yake mirefu hazijaungana na mashina, ikaonekana wazi kwamba alikufa bado anakua. Lakini hapo ndipo jambo la kuvutia lilipoanza. Kwa ukuaji wa mifupa na urefu wake, unaokadiriwa kuwa sentimita 160 hivi, angelinganishwa na mtoto wa leo wa miaka 11 hadi 13. Meno yake, yaliyohesabiwa mistari ya ukuaji ndani ya gamba lake, yanaonyesha miaka minane tu. Watu wale walikomaa upesi kuliko sisi. Utoto mrefu wa binadamu wa leo, pamoja na ule mruko wa kimo wa wakati wa balehe, ulikuja baadaye.

Bamba la ukuaji linahitaji protini, madini na mwili usioandamwa na maradhi. Vikikosekana, linapunguza mwendo, na miaka miwili ya kwanza ya mtoto ndiyo ya hatari zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, katika utafiti wake wa mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Inasikitisha kwamba mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, inayozalisha mahindi kwa wingi, imo miongoni mwa inayoongoza Tanzania kwa udumavu. Uji wa mahindi peke yake hushibisha tumbo bila kulipa bamba la ukuaji kile linachokihitaji.

Ndani ya mfupa

Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosforasi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kila kimoja kina kazi yake, na jaribio la jikoni linatosha kuthibitisha. Mfupa wa paja la kuku ukilowekwa kwenye siki kwa siku kadhaa, madini huyeyuka na mfupa ukabaki na umbo lake lakini unapindika mkononi bila kuvunjika. Ukichomwa motoni hadi uwe mweupe, kolajeni imeungua, na mfupa uliobaki ni mgumu lakini unamomonyoka ukiufinya. Madini huzuia mfupa usibonyee, kolajeni huuzuia usipasuke.

Nje mfupa ni mgumu na umeshikamana. Ndani, hasa kwenye ncha, ni wavu wa vijiti vyembamba vilivyolala kufuata njia ambazo uzito hupita. Mwaka 1691 Mwingereza Clopton Havers alieleza vijia vinavyopita ndani ya mfupa mgumu, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Ndani yake hupita mishipa ya damu, na kukizunguka kila kijia kuna tabaka za mfupa zilizofungiana, zenye seli ziitwazo osteositi. Seli hizi huhisi mzigo. Ndizo zinazotoa habari kwamba mahali fulani pamechoka au pana kazi nyingi.

Wanaobomoa ni osteoklasti, seli kubwa zenye asili moja na seli za kinga za damu. Hujibandika juu ya mfupa, humwaga asidi na kuchimba kishimo kwa wiki mbili au tatu. Osteoblasti hufuata na kukijaza kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mfupa wote hufanyiwa hivi kila mwaka. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Berlin, alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga upya kulingana na nguvu zinazoupitia. Mchezaji wa tenisi ana mkono mmoja wenye mfupa mnene kuliko mwingine. Wanaanga wanaoelea bila uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi.

Kazi nyingine ya mfupa haionekani kwa nje. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili, ambayo ni takriban kilo moja, imo kwenye mifupa na meno. Kalsiamu ya damu ikipungua kidogo tu, moyo na misuli huhatarika, na tezi ndogo nne zilizo shingoni huamuru mifupa itoe. Uboho mwekundu nao hutengeneza chembe nyekundu za damu, takriban bilioni 200 kwa siku. Kwa mtoto mchanga uboho huo umejaa mifupa yote. Kwa mtu mzima umebaki kwenye nyonga, kidari, mbavu, pingili, fuvu na ncha za juu za mapaja na mikono.

Mpangilio wa mifupa 206

Wanaanatomia huigawa mifupa sehemu mbili. Nguzo ya katikati ina mifupa 80: fuvu 22, vijifupa sita vya masikioni, mfupa mmoja wa koo usioshikana na mfupa mwingine wowote, uti wa mgongo 26, mbavu 24 na kidari. Mikono, miguu, mabega na nyonga zina 126. Viganja na nyayo peke yake zina mifupa 106, zaidi ya nusu ya yote, kwa kuwa kila kiganja na kifundo chake kina 27 na kila wayo 26.

Hesabu ya 206 isichukuliwe kuwa sheria. Wapo wenye jozi ya ziada ya mbavu, wenye pingili moja zaidi kiunoni, na wengi wana vijifupa vidogo ndani ya kano za vidole ambavyo havihesabiwi. Uti wa mgongo wenyewe huanza na pingili 33. Tano za chini zinaungana kuwa mfupa mmoja wa nyonga ya nyuma, na nne hivi za mwisho zinakuwa kifandugu. Kikuku cha sikioni, kidogo kuliko mifupa yote, kina urefu wa milimita 3 hivi, na mtu huzaliwa nacho kikiwa na ukubwa wa utu uzima.

Ujuzi huu ulipatikana kwa watu kuthubutu kutazama kwa macho yao. Kwa zaidi ya miaka elfu, waganga walishika mafundisho ya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Njaa kali ilipoipiga Misri karibu mwaka 1200, tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi alikwenda kwenye rundo la mifupa ya wafu huko al-Maks, karibu na Kairo, akachunguza taya baada ya taya na kuona mfupa mmoja usio na kiungo. Aliandika kwamba hisia ni shahidi wa kuaminika kuliko Galen, ijapokuwa alimheshimu sana. Mwanaanatomia Andreas Vesalius alimsahihisha Galen kwa mapana zaidi mwaka 1543. Taya la kichanga, hata hivyo, kweli lina nusu mbili, nazo huungana kabla mtoto hajatimiza mwaka au muda mfupi baadaye.

Maji, chakula na magonjwa

Mtoto akikosa vitamini D, bamba la ukuaji linaendelea kutengeneza gegedu lisilogumu, na miguu hupinda akianza kusimama: matege. Jua hutengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi, lakini jua halitoshi. Nigeria imeonekana kuwa na watoto wanaocheza juani kutwa na bado wana matege, kwa sababu chakula chao kina kalsiamu kidogo mno. Dagaa wanaoliwa mzimamzima, pamoja na mifupa yao, ni dawa nzuri na rahisi.

Matege ya Arusha yana sababu nyingine pia. Miamba ya volkano ya Mlima Meru na Bonde la Ufa hutia maji floridi nyingi, mara nyingine mara kumi au zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa ukomo. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia. Anayeyanywa miaka mingi tangu utotoni mifupa yake hujaa floridi, ikawa minene na migumu huku viungo vikikakamaa, na baadhi ya watoto hupinda miguu vibaya. Maeneo ya Maji ya Chai wilayani Meru yanayajua haya vizuri, na magadi ya kulainishia maharage huongeza tatizo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, katika eneo hilohilo, kimetengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo na kusagwa. Madini ya mfupa hukamata floridi kwa nguvu, kwa hiyo sifa ileile inayomdhuru mtu hutumika kumsafishia maji.

Kwa mtoto mwenye selimundu, dalili ya kwanza ya ugonjwa mara nyingi ni mikono na nyayo kuvimba kwa maumivu kati ya miezi sita na miaka miwili, kwa sababu chembe nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo ya mifupa. Akikua, kichwa cha fupa la paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Kifua kikuu nacho huweza kushuka kwenye pingili na kuzibomoa hadi mgongo ukainama. Mtoto anayekuwa na kibyongo ghafla anastahili kupimwa upesi, kwa kuwa dawa zipo na hutibu.

Kuvunjika na kuzeeka

Mfupa ukivunjika, damu huganda mahali pale, gegedu laini linaziba pengo, kisha gegedu hilo linageuka mfupa kwa hatua zilezile za tumboni. Ndiyo maana mfupa ukipona vizuri hauachi kovu. Mkono wa mtoto huunga kwa wiki tatu hadi sita, muundi wa mtu mzima kwa miezi mitatu au minne au zaidi. Waganga wa kuunga mifupa wapo kila mahali Afrika Mashariki na wengi wana mikono ya ustadi. Hatari yao kubwa ni kufunga vijiti kwa kukaza hadi damu isipite, na vidole vikianza kuwa baridi, vya bluu au kufa ganzi lazima kifungo kilegezwe mara moja. Mtoto aliyeumia karibu na kiungo apigwe eksirei hata kama mfupa unaonekana mzima, maana bamba la ukuaji likiharibika mguu mmoja utabaki mfupi.

Mifupa hufikia kilele cha uzito wake mwishoni mwa miaka ya ishirini. Baada ya hapo wabomoaji huanza kuwazidi wajenzi, polepole kwa mwanaume, na kwa kasi kwa mwanamke akishakoma hedhi: anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake katika miaka mitano hadi saba ya kwanza. Pingili hubonyea, kimo kinapungua, na kuteleza bafuni kunatosha kuvunja nyonga. Kulala kitandani bila kutembea huongeza upotevu huo kwa kasi, kwa sababu mfupa usiobeba mzigo hauambiwi kujengwa. Kwa hiyo mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga husimamishwa na kutembezwa siku inayofuata, akishikiliwa pande zote mbili, hata kama maumivu hayajaisha.